Shabu haioni kilichoyeyuka

Swali: Mimi ni fundi sanifu maabara katika chuo kimoja hapa Tanzania kinachofundisha kemia na biolojia. Kila wiki tunakusanya kama lita 60 za majitaka katika pipa la plastiki: mabaki ya asidi na besi, mabaki ya uchambuzi wa chumvi na maji ya kwanza ya kuoshea vyombo. Mkuu wa idara ameniagiza niyasafishe kwa shabu kabla ya kuyamwaga, kwa kuwa mitambo ya maji ya mjini inafanya hivyo hivyo. Nimejaribu mara nne, kila mara konzi mbili za shabu iliyosagwa. Mara moja maji yalitakata, mara mbili hayakubadilika kabisa, na mara ya mwisho mashapo yalishuka lakini maji yakabaki na bluu iliyokolea. Naomba unieleze ni gramu ngapi za shabu zinazofaa kwa kila lita.

Jibu:

Ndugu yangu, nitafika kwenye gramu, lakini si mwanzoni, kwa sababu matokeo yako manne yanaonyesha kwamba tatizo lako halikuanzia kwenye mizani. Shabu hukamata chembe zinazoelea. Kilichoyeyuka hakioni, na sehemu kubwa ya uchafu wa maabara ya kemia imeyeyuka. Kwa hiyo kiasi cha shabu ni swali la mwisho katika mlolongo mrefu, na yule anayelianza hupata majibu kama yako: leo ndiyo, kesho hapana.

Tuanze na mtambo wa mjini, ambao mkuu wako wa idara ameutolea mfano. Maji ya mto yana udongo laini, na chembe ya udongo yenye upana wa maikromita moja huhitaji karibu siku 13 kushuka mita moja katika maji yaliyotulia. Iliyo ndogo kuliko hiyo ni kama haishuki kabisa, maana msukosuko wa molekuli za maji unatosha kuifanya iendelee kuelea. Chembe hizi zingeweza kugandana zikawa nzito, ila juu ya uso wake kuna chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Shabu, yaani salfeti ya aluminiamu, huleta ioni zenye chaji chanya tatu. Kazi za wanasayansi Schulze mwaka 1882 na Hardy mwaka 1900 zilionyesha kwamba nguvu ya ioni ya kugandisha hupanda kwa kasi kubwa kadiri chaji yake inavyoongezeka. Kanuni iliyotokana nazo hukadiria kwamba ikiwa ioni ya chaji moja ina nguvu ya 1, ya chaji mbili ina 64 na ya chaji tatu ina 729. Ndiyo maana chumvi ya mezani haisafishi maji ya mto lakini shabu kidogo tu huyasafisha. Juu ya hayo, aluminiamu hujigeuza kuwa hidroksidi, utando mweupe wa utelezi unaozoa chembe unaposhuka, mithili ya jarife linalozoa samaki.

Hapo kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kugandisha ni kuziondolea chembe uadui wao, jambo linalotokea ndani ya sekunde chache na kudai ukorogaji mkali ili dawa ifike kila mahali kabla haijajimaliza yenyewe. Kufungamanisha ni kuziacha chembe hizo zikutane na kushikana hadi ziwe mabonge yanayoonekana kwa macho, na hiyo ni kazi ya dakika nyingi inayotaka ukorogaji wa taratibu, kwa sababu mabonge machanga huvunjika haraka na yakishavunjika hayarudi kuwa imara kama mwanzo. Aliyewahi kuona maziwa yakikatika jikoni ameona jambo la jamaa moja na hili: kwanza hakuna kitu, kisha vidoti, kisha mabonge na maji meupe pembeni.

Sasa chukua bika ya salfeti ya shaba. Ina bluu, lakini unaweza kusoma gazeti kupitia kwake, kwa sababu hakuna chembe ndani yake; kuna ioni tu. Ukimimina shabu humo hakuna cha kugandisha. Ili shaba, risasi, zinki au chuma viondoke kwa njia hii, ni lazima kwanza uvigeuze kuwa yabisi, na njia ya kawaida ni kupandisha pH hadi metali itoke kama hidroksidi. Hidroksidi hiyo ni laini mno na hushuka kwa uvivu. Hapo, na hapo tu, ndipo dawa ya kugandisha inapopata kazi.

Kwa mwanga huo, mara zako mbili ambazo maji hayakubadilika naziona hivi: pipa lilikuwa na asidi. Shabu yenyewe ni ya asidi. Miligramu 100 za shabu hula kiasi cha miligramu 50 za ualikali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, zikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Maji ya mto yana akiba hiyo. Maji ya maabara yaliyotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa hayana, na yenye pH ya 2 ndiyo kabisa. Katika pH hiyo aluminiamu hubaki imeyeyuka, utando hauundwi, na wewe umeongeza chumvi nyingine juu ya zile ulizotaka kuziondoa. Nami nilifanya kosa hilo hilo nilipoanza kazi. Nilimimina shabu katika ndoo ya mabaki ya titresheni, nikasubiri hadi saa za chakula, nikaongeza mara mbili yake, na jioni nikabaki na ndoo angavu kama soda, kali kwa asidi, isiyo na hata tope la kijiko kimoja. Sikuwa nimepima pH kwa sababu nilidhani kipimo kile ni cha wanafunzi.

Basi pima, na uelewe kwamba ngazi ya pH si ngazi ya kawaida. Lita 60 za asidi ya hidrokloriki zenye pH ya 2 zinahitaji kiasi cha gramu 22 za hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, ili asidi yake iishe. Lita hizo hizo zikiwa na pH ya 1 zinahitaji kiasi cha gramu 220. Chokaa ya madukani haiko safi kabisa, na metali nazo hula sehemu yake, kwa hiyo itumie hesabu hiyo kukujulisha ukubwa wa kazi, lakini kinachoamua ni kipimo chako cha pH. Tengeneza tui la chokaa katika ndoo ndogo, limimine kidogo kidogo huku ukikoroga, vaa miwani ya kinga, na usiwe na haraka kati ya mmimino mmoja na mwingine.

Bluu iliyokolea ni hadithi nyingine, na nadhani naifahamu. Katika uchambuzi wa chumvi mwanafunzi hudondosha amonia kwenye mmumunyo wa shaba, huona mashapo ya bluu hafifu, kisha huongeza amonia hadi mashapo yayeyuke na mmumunyo uwe bluu nzito. Mtihani humpa alama kwa kuandika hivyo hivyo. Lakini kile anachokiona ni shaba iliyozungukwa na molekuli za amonia, na ikiwa katika hali hiyo haitoki kirahisi kama hidroksidi hata ukipandisha pH. EDTA, kemikali inayozingira metali na kutumika katika titresheni ya ugumu wa maji, hufanya hivyo hivyo, na kwa ukaidi zaidi. Hakuna kiasi cha shabu kitakachoishinda bluu ile.

Dawa yake ipo karibu na ni ya bei ndogo. Mabaki ya shaba na amonia yakusanywe katika dumu lake peke yake. Hakikisha humo hamna dawa ya kuulia vijidudu yenye klorini, wala sianidi, wala salfaidi. Kisha, mahali penye hewa ya kutosha, ongeza asidi iliyozimuliwa taratibu hadi bluu nzito ififie kuwa bluu ya anga na pH ifike 2 au 3. Tumbukiza misumari ya chuma ya kawaida, isiyopakwa zinki, na usifunge kifuniko, maana gesi kidogo ya haidrojeni itatoka. Baada ya muda mfupi utaona misumari ikivaa koti jekundu la shaba, kwa kuwa chuma kinaingia majini na shaba inatoka. Acha usiku kucha na ukoroge mara kwa mara. Asubuhi toa misumari, weka tui la chokaa hadi pH ya 8.5, kisha ingiza hewa, ama kwa pampu ndogo ya samaki wa mapambo, ama kwa kumimina kutoka ndoo moja hadi nyingine. Mashapo ya kijani chafu yatageuka kuwa ya kahawia yenye rangi ya kutu. Hapa ndipo ninapoipenda njia hii: chuma kilichotoka kwenye misumari kimekuwa hidroksidi ya feri, yaani ya chuma chenye chaji chanya tatu, ambayo yenyewe ni kigandishi, nayo hushuka ikibeba masalia ya shaba. Amonia haiondoki kwa njia hii; itabaki ndani ya maji, nawe ukiipunguza pale mwanafunzi anapodondosha, utakuwa umefanya zaidi kuliko utakachokifanya kwenye pipa.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo ningekuomba ulishughulikie kabla ya kununua dawa yoyote, nalo ni kutenganisha mabaki mezani. Pipa moja la kila kitu ndilo adui yako. Sianidi isiingie kamwe katika pipa ambalo linaweza kukutana na asidi, kwa kuwa gesi itokayo inaua. Maji ya maabara ya biolojia yaliyotiwa dawa ya klorini yasikutane na asidi, kwani hutoa gesi ya klorini, wala yasikutane na amonia. Kitendanishi cha Tollens, yaani nitreti ya fedha yenye amonia, hakihifadhiwi hata usiku mmoja, maana kikikaa huweza kuunda mashapo yanayolipuka. Kitiwe asidi ya nitriki iliyozimuliwa mara kipindi kinapokwisha, kisha fedha itolewe kama kloridi. Zebaki, ambayo imo katika kitendanishi cha Nessler, iwe na chupa yake yenye kifuniko na isikaribie mtaro. Vimumunyishi kama kloroformu na asetoni havigandishwi na chochote kati ya hivi tunavyozungumza.

Kromiamu inahitaji sentensi zake. Dikromati ina kromiamu ya hali ya sita, ambayo ni sumu zaidi na haitoki kama hidroksidi katika pH yoyote. Ni lazima kwanza ishushwe hadi hali ya tatu: katika kabati la kufyonza hewa, pH ya 2 hadi 3, ongeza metabisulfaiti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka rangi ya chungwa igeuke kijani. Ukiona kijani kamili, pandisha pH hadi 8 au 8.5 na utapata mashapo ya kijani kijivu yanayogandishika vizuri. Wenzetu wa maabara za ubora wa maji wana kinaya chao hapa: kipimo cha COD, yaani cha oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali, kile kile wanachotumia kuhukumu majitaka ya viwanda, huacha mabaki yenye dikromati, zebaki, fedha na asidi nzito ya salfuriki katika chupa moja. Mabaki hayo yasipitishwe kwenye pipa la chokaa. Yafungwe na yakabidhiwe kama taka hatarishi.

Rangi za hadubini nazo huwadanganya watu. Methilini bluu na kristali violeti zina chaji chanya, sawa na kigandishi chako, na kwa hiyo hazivutiwi nacho. Hizo zipitishe kwenye makaa amilifu. Vijidudu hai viuliwe kwanza katika otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo.

Baada ya kutenganisha hivyo, pipa lako litabaki na asidi, besi, chuma, zinki, shaba isiyo na amonia, labda risasi kidogo, na uchafu wa kuoshea vyombo. Hili linatibika. Shida moja ni kwamba metali hizi hazitoki zote katika pH moja. Chuma cha feri hutoka mapema, shaba hutoka vizuri kati ya 8 na 9, zinki na risasi hupenda kati ya 9 na 10, na zinki, risasi, kromiamu na aluminiamu huyeyuka tena ukizidisha besi. Mimi husimama kwenye 9 kwa mchanganyiko wa namna hii. Na kwa kuwa nasimama hapo, situmii shabu: kuanzia pH ya 8 au 9 aluminiamu huanza kurudi majini kama aluminati. Kloridi ya feri hufanya kazi katika eneo pana zaidi, na mashapo yake huvuta metali nyingine yanaposhuka. Shabu iache kwa maji yenye tope tu, katika pH ya 6 hadi 7.5. Mbegu za mlonge, ambazo najua utaulizwa kuzihusu, zina protini yenye chaji chanya inayogandisha tope la mto kwa kweli, lakini huacha majini mabaki ya mbegu yanayokuwa chakula cha vijidudu, na kwa metali zilizoyeyuka siwezi kuzitegemea.

Sasa gramu. Hakuna namba ya kudumu, kwa sababu pipa la wiki hii si pipa la wiki ijayo, lakini kuna jaribio la saa moja linalokupa namba ya pipa ulilo nalo. Yeyusha gramu 10 za kloridi ya feri katika lita moja ya maji. Pima mililita 500 za majitaka, ambayo tayari umeyafikisha pH ya 9, katika kila bika kati ya bika sita. Kila mililita moja ya dawa hiyo katika nusu lita ni miligramu 20 kwa lita. Kwa hiyo mililita 2.5, 5, 7.5, 10, 15 na 20 zitakupa miligramu 50, 100, 150, 200, 300 na 400 kwa lita. Koroga kwa kasi ya mizunguko 100 hadi 150 kwa dakika kwa muda wa dakika moja, rudisha pH hadi 9 kwa tone la besi kwa kuwa dawa itakuwa imeishusha, kisha koroga polepole, mizunguko 25 hadi 40 kwa dakika, kwa dakika 15 au 20. Kama huna mashine ya pala sita, vijiti vya kioo na wanafunzi watatu wenye subira watatosha. Simamisha, subiri nusu saa, inama macho yako yalingane na bika, na utazame maji ya juu, si mashapo. Chagua bika yenye dawa kidogo kuliko zote ambayo maji yake ni angavu.

Tuseme imeshinda ya miligramu 200. Kwa lita 60 hizo ni gramu 12, kiasi cha kijiko cha chakula. Konzi mbili ulizokuwa ukitia haziwezi kupungua gramu 100, yaani zaidi ya miligramu 1,600 kwa lita. Kuzidisha si ukarimu: chembe zilizokuwa na chaji hasi hugeuzwa kuwa na chaji chanya, zikaanza kusukumana upya, na asidi ya shabu ikashusha pH. Mara ile moja uliyofanikiwa, nadhani pipa lilikuwa na besi nyingi na shabu yako ikaja kuishusha hadi mahali panapofaa. Ilikuwa bahati.

Mabonge yakiwa madogo na mavivu, polima ya poliakrilamaidi yenye chaji hasi, miligramu 0.5 hadi 2 kwa lita, itayaunganisha. Iweke mwanzoni mwa ukorogaji wa polepole. Unga wake unyunyizwe kwenye maji yanayozunguka, vinginevyo hufanya madonge kama uji uliokosewa.

Katika pipa tumia mwiko mrefu na uige muda wa jaribio. Pipa liwe na koki iliyofungwa kiganja kimoja juu ya sakafu yake, ili maji safi yatoke bila kuvuruga tope. Kosa moja linarudiwa sana hapa: mtu huona pH ni 9, na anajua kwamba viwango vya Tanzania vya kumwaga majitaka vinataka 6.5 hadi 8.5, hivyo humimina asidi pipani mashapo yakiwa bado chini. Metali nyingi huanza kuyeyuka tena. Kwanza tenga maji katika chombo kingine, ndipo uyarekebishe pH. Na uangavu si cheti. Viwango hivyo vinaruhusu risasi miligramu 0.1 na shaba miligramu 2 kwa lita, viasi ambavyo jicho haliwezi kuviona, kwa hiyo peleka sampuli ikapimwe metali angalau unapoanza na kila unapobadilisha mazoezi ya wanafunzi.

Tope lililobaki ndilo lenye kila ulichokiondoa. Lichuje kwa mfuko wa kitambaa kizito juu ya karai, rudisha maji ya mchujo pipani, liache likauke kivulini pasipofikiwa na mvua, kisha litie katika chombo cha plastiki chenye kifuniko. Lisichanganywe na taka za kawaida, lisifukiwe bustanini, wala lisikae karibu na chupa za asidi. Andika juu ya chombo metali zilizomo, pH ya mwisho na tarehe. Kabla hakijajaa, wasiliana na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kinachojulikana kwa wengi kama NEMC, pamoja na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ili upate mzoaji mwenye kibali cha taka hatarishi, na uulizie vyuo jirani kama wana mzigo kama wako, kwa sababu kwa kilo chache za mwaka mzima gharama ya safari ndiyo kubwa kuliko gharama ya tope lenyewe.